Maji Hukaguliwa Bondeni

Mimi ni mtumishi wa serikali wa ngazi ya kawaida. Cheti changu ni cha ualimu, na kwa miaka sita nilifundisha shule ya msingi kabla ya kuhamishiwa ofisi ya wilaya. Huko, kwa sababu ya mwandiko unaosomeka na mazoea ya kusahihisha madaftari, nilipewa kazi ya kuandika taarifa za timu zinazokagua mazingira katika maeneo ya ujenzi. Naandika haya kwa sababu ya swali nililoulizwa na mjomba wangu mwezi wa Januari 2025, kando ya Ziwa Mweru, katika nchi jirani ya Zambia. Nilichelewa kulijibu, kwa kuwa jibu lake lilikuwa na aibu yangu ndani yake.

Marehemu mama yangu alizaliwa Nchelenge, akaolewa na baba aliyekuwa dereva wa malori pale Tunduma. Mjomba ndiye mzee pekee aliyebaki upande huo, nami nilikuwa sijamwona tangu mazishi ya mama. Nilichukua likizo, nikavuka mpaka, nikapita Kasama, Mporokoso na Kawambwa. Katika safari hiyo gari huvuka mto Kalungwishi, mto wenye maporomoko ya Lumangwe na Kabwelume, ambao mwisho wake ni kuingia Mweru kwa upande wa mashariki.

Nchelenge na Kashikishi ni kama mji mmoja uliolala ufukweni. Mbele yake kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, jina lililonifurahisha kwa kuwa sisi tunayo Kilwa yetu, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Wachuuzi wanaotoka huko huzungumza Kiswahili, hata sokoni sikujiona mgeni sana. Lakini ziwa lenyewe nililikuta kimya. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wapate kuzaliana, na mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani. Akina mama walikuwa wakiloweka mihogo vidimbwini, maana mihogo ya huko ni michungu na hukaa majini siku kadhaa kabla ya kuanikwa na kutwangwa. Jioni tulikula ubwali wa unga huo kwa chisense kavu, dagaa wa ziwa lile, waliowekwa akiba kabla ya marufuku.

Umeme ulikuwa umekatika. Ukame wa mwaka 2024 uliteremsha maji ya bwawa la Kariba, na Zambia nzima ikaingia katika mgao wa saa nyingi kwa siku. Binamu yangu ana friza ya kuhifadhia samaki wa biashara; siku zile ilikuwa imegeuzwa kabati la nguo. Tukiwa gizani mjomba akaniuliza kazi yangu mpya ni ipi.

“Tunakagua, yama,” nikamjibu. Yama ndivyo wanavyomwita mjomba kule. “Anayejenga kituo cha umeme au kiwanda hupewa cheti chenye masharti. Asimwage mafuta mtoni, atengeneze mabwawa ya kutuamisha tope, aache maji kiasi fulani yaendelee kupita, apande nyasi pale alipokwangua ardhi. Sisi huenda kutazama kama masharti hayo yanafuatwa.”

“Mnakwenda kwa taarifa au bila taarifa?”

“Kwa barua, yama. Wiki mbili kabla.”

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akanieleza kuwa katika ujana wake maofisa wa uvuvi walipokuja kupima matundu ya nyavu, habari zao zilitangulia kwa baiskeli. Nyavu halali zilianikwa mbele ya nyumba; zile za matundu madogo zililala chini ya mihogo. Waliokuwa wakivua kwa kutumpula, yaani kuyapiga maji kwa rungu ili samaki wakimbilie nyavuni, siku hiyo walikuwa wakisuka vikapu kwa utulivu mkubwa. “Ofisa aliandika kwamba Kashikishi ni watu wema,” akasema, “na samaki wakaendelea kupungua.”

Kisha akanisimulia habari za mpumbu, samaki ambaye yeye mwenyewe aliwajua zaidi kwa masimulizi ya baba yake. Mpumbu walikuwa wakitoka ziwani wakati wa mafuriko na kuupanda mto Luapula kwa makundi ili wakatage. Katika miaka ya 1940 walivuliwa kwa wingi katika safari hiyo hiyo ya kwenda kuzaa, wakauzwa upande wa Kongo kulisha miji ya migodi. Kabla watu hawajatambua, biashara ya mpumbu ilikuwa imekwisha. “Ziwa lina milango,” mzee akasema. “Milango yake ni mito. Sasa kuna mpango wa kujenga vituo vya umeme juu ya Kalungwishi. Mimi nautaka umeme, mwipwa wangu, friza ile unaiona. Lakini huyo atakayekagua, atashuka mpaka huku aniulize?”

Mpango huo upo, na umezungumzwa kwa miaka mingi: vituo viwili, kimoja Kabwelume na kingine Kundabwika, kwa jumla ya megawati 247. Zambia kadhalika ina sheria yake ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 2011, na chombo chake cha kuisimamia. Ningeweza kumjibu kwa kumtajia sheria hiyo. Badala yake nilinyamaza, kwa kuwa nilikumbuka ndoo ya plastiki.

Yafaa nieleze. Miezi kumi kabla ya safari ile timu yetu ilikwenda kukagua ujenzi wa kituo kidogo cha umeme wa maji katika nyanda zetu za juu kusini. Jina la mradi naliacha. Tulipokelewa vizuri mno. Vibao vya usalama vilinuka rangi mpya. Kofia ngumu za wafanyakazi hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Bwawa la kutuamisha tope lilikuwa na maji meupe, kwa sababu, kama nilivyojua baadaye, kazi ya kuchimba ilikuwa imesimamishwa siku tatu kabla yetu. Wasomaji mlio katika majeshi mnaijua hali hii kuliko mimi. Mnajua mawe ya kambini hupakwa chokaa lini, na mkuu mwenye busara huanzia wapi ukaguzi wake: huliacha gwaride, akaenda jikoni na chooni.

Sisi tuliishia kwenye gwaride. Nilikuwa na karatasi yenye maswali thelathini na mawili, nami niliweka alama ya ndiyo kwa karibu yote. Mafuta ya mitambo yako juu ya sakafu ya saruji? Ndiyo. Vyoo vya wafanyakazi viko mbali na mto? Ndiyo. Tulipokuwa tukitoka, mama mmoja alisimama karibu na lango akiwa na ndoo mkononi. Akanyanyua mkono. Dereva akatazama saa. Chakula kilikuwa kinatungoja mjini. Swali la mwisho katika karatasi yangu lilihusu malalamiko ya wananchi. Nikaandika ndani ya gari linalokwenda: “Hakuna malalamiko yaliyopokelewa.”

Kwa lugha ya ofisi sentensi ile ilikuwa sahihi. Hatukuyapokea.

Mvua zilipoanza nilitumwa katika kijiji kilicho chini ya mradi ule kwa shughuli nyingine, kuhakiki madawati ya shule. Wakati wa mapumziko nikaomba maji ya kunawa, nayo yakaletwa yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Aliyeyaleta ni yule mama. Shule ilikuwa ikimlipa kuchota maji. Alinitazama, akaweka ndoo chini taratibu, akasema: “Wewe ndiye uliyekuwa ukiandika. Nilikuona.”

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alinionyesha tu namna anavyofanya: huyaacha maji usiku kucha yatulie, huyachuja kwa kipande cha kanga, kisha huyachemsha, na kwa kuwa kazi ya kuyaandaa imekuwa ndefu, kuni zimeongezeka na binti yake mkubwa huchelewa shule. Mimi niliyekuwa mwalimu, niliyewahi kuwaandikia watoto “mchelewaji” katika ripoti zao, nilikuwa nimesaidia kumchelewesha mmoja kwa sentensi moja.

Nilirudi ofisini nikaandika barua ya kuisahihisha taarifa yangu mwenyewe. Haikupendeza. Niliulizwa kwa nini sikuyaona mambo hayo siku yake, na swali hilo lilikuwa la haki. Hata hivyo timu ilirudi, safari hii bila barua, siku ya pili baada ya mvua kubwa, na kwa ombi langu tulianzia kijijini tukapanda na mto kwenda juu. Tuliziona alama za tope kwenye kingo kabla hatujafika langoni. Bwawa lilikuwa dogo kuliko lilivyochorwa, na kila mvua ilipozidi lilifurika na kumwaga tope lote mtoni. Mradi uliamriwa kulipanua na kuchimbia kijiji kisima. Bwawa limepanuliwa. Kisima, siku naondoka kwenda Nchelenge, kilikuwa bado ni alama ya chokaa ardhini.

Hayo ndiyo niliyomweleza mjomba gizani. Nikamwongezea habari za Kihansi, kwa kuwa sikutaka adhani kosa la kuchelewa kutazama ni la watu wadogo peke yao. Kituo cha Kihansi, katika milima ya Udzungwa, kina uwezo wa megawati 180, nacho kimelisaidia sana taifa letu. Lakini mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kuanza, wataalamu walimkuta katika manyunyu ya maporomoko yake chura mdogo asiyetaga mayai, ambaye huzaa watoto kamili, na ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Mwaka 2000 maji yakawa yameelekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakapungua sana. Ikabidi yafungwe mabomba ya kunyunyizia bonde, na vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2003 waliosalia walipungua ghafla, na ugonjwa wa ukungu ukaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kuanzia mwaka 2012 walianza kurudishwa nyumbani. Gharama na taabu yote hiyo ilitokana na jambo ambalo lingeulizwa mapema, kabla ya jiwe la kwanza.

“Chura amepandishwa ndege,” mjomba akasema baada ya kimya. “Mpumbu hakuna aliyempandisha.”

Ndugu msomaji, sisemi tusijenge. Taifa linalokaa gizani huwalaza watoto bila kusoma na huozesha samaki wa wavuvi. Nasema ukaguzi ni ahadi iliyowekwa kwa watu wanaoishi chini ya mradi, na wao ndio wajuao kama imetimizwa. Nasi wananchi tunao wajibu wetu. Ukiishi karibu na ujenzi wa namna hii, iwe kijijini, kambini au katika nyumba za polisi, fanya mambo madogo yafuatayo. Maji yakibadilika, andika tarehe na saa. Yatie kidogo katika chupa nyeupe, uiandike tarehe hiyo. Mpelekee ofisa mtendaji kwa maandishi, ubaki na nakala, maana neno la mdomo hupotea njiani. Uliza pia masharti ya cheti cha mradi ni yapi. Kuyajua ni haki yako.

Na wewe mtumishi mwenzangu unayeshika kalamu, karatasi ya maswali ni msaada tu. Ukimwona mtu langoni na ndoo, simamisha gari.

Siku ya kuondoka mjomba alinisindikiza mpaka kituo cha mabasi cha Kashikishi. Tulipita vidimbwi vya mihogo. Maji yake yalikuwa safi. Akaniuliza tena, safari hii kwa upole: “Kwa hiyo atashuka aniulize?”

Nikamwambia sijui, lakini asimngoje. Aanze kuandika tangu sasa mto unavyokuwa kila mwezi: rangi yake, kimo chake, samaki wanaopanda. Mzee hajui sana kuandika. Nilimwachia daftari la kurasa mia moja na kalamu mbili, na mjukuu wake aliye darasa la sita ameahidi kumwandikia. Juzi nimepata ujumbe kwamba kurasa saba zimejaa.