Tumbo la Bomba

Kosa langu lilianzia ghorofani, katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja, na mpaka leo sijalimaliza.

Mwenye nyumba, bibi mmoja mjane, alitaka jiko juu. Sakafu za nyumba zetu za kale ni boriti za mikoko, na juu yake mawe na chokaa. Boriti haziendi mbali, ndiyo maana vyumba ni vyembamba, kiasi cha mita 3. Nikapitisha bomba la plastiki la inchi 2, la maji machafu, kati ya boriti mbili, nikalifunga kwa waya wa nondo huku na huku. Katikati sikuweka kitu. Nikapima mteremko: sentimita 6, sawasawa. Nikachukua pesa yangu.

Lakini nililipima likiwa kavu. Plastiki ikipitisha maji ya moto kutwa kucha hulainika, na isiposhikiliwa kila mita moja au karibu zaidi hupinda kwa uzito. Waya nao huila, kwa kuwa bomba hurefuka likipata joto na kurudi likipoa.

Baada ya miezi kadhaa nikaitwa: maji hayaendi. Nilipoingia tu chumba cha chini nikaliona. Bomba limefanya tumbo katikati, maji yamelala humo. Nilijua papo hapo. Nikasema, "Bibi, huko juu wanamwaga wali na mafuta."

Mjukuu wake, ndiye aliyekuwa akiosha vyombo, alikuwa kasimama mlangoni na kitambaa mkononi. Akainamisha kichwa. Bibi akanijibu, "Haya mwanangu, nitamkanya." Nikazibua, nikalipwa tena.

Masika yaliyofuata kiungo kikaachia; kumbe kilikuwa kikivuja kimyakimya. Nilichoma boriti ya pembeni kwa bisibisi, ikazama kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Boriti iliyobeba watu tangu enzi za mababu, mimi nimeiozesha kwa kuona uvivu wa kukata vibao viwili.

Nilibadilisha boriti ile kwa pesa yangu. Nikapigilia vibao vya kukingama kati ya boriti, kila sentimita 60, kila kimoja chini kidogo kuliko mwenziwe ili mteremko ubaki, na vishikio vipana visivyobana. Nikamwambia bibi ukweli wote. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Na mtoto je, umemwambia?"

Alikuwa ameshaolewa Pemba. Sijamwambia.