Mbotela na swali lake la uungwana

Msomaji mpenzi, wapo watu ambao hujawahi kuwapa mkono wala kunywa nao chai, lakini siku wanapoaga dunia unahisi kwamba mzee mmoja wa nyumbani kwenu ameondoka. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki tarehe 7 Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84, alikuwa mmoja wao. Sikuwa jamaa yake wala jirani yake. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba alishirikiana na wazazi wangu kunilea, na huenda alikulea wewe pia, au baba yako.

Ikiwa wewe ni mwanafunzi na jina hili hulifahamu vyema, watamkie wakubwa wako maneno haya matatu tu: "Kadenge na mpira." Utawaona wakitabasamu. Marehemu Joe Kadenge, aliyetutoka mwaka wa 2019, alikuwa fundi wa kandanda wa Abaluhya na wa timu ya taifa, na Mbotela alikuwa ndiye macho ya wale ambao hawakuwahi kukanyaga uwanjani. Runinga siku hizo ilikuwa mali ya wenye nazo. Sisi wengine tulikuwa na redio moja, betri zake zikianikwa juani zilipoanza kulegea.

Lakini mpira huchezwa ukaisha. Kitu cha Mbotela kilichoingia chumbani kwetu huko Eastlands na kukataa kutoka ni kile kipindi chake, "Je, Huu ni Uungwana?", alichokianzisha mwaka wa 1966 na kukiendesha kwa zaidi ya nusu karne. Hakikuwa na makuu. Alichukua tendo la kila siku, la mtu na mwenzake, akalieleza kwa ile sauti yake ya ucheshi, kisha akakuachia swali. Ukikumbuka kwamba nawe ulifanya hivyo hivyo jana, shauri yako.

Baba yangu, mtu wa bara aliyejifunzia Kiswahili kazini, alilipenda swali hilo kuliko fimbo. Nikimwaga maji machafu karibu na mlango wa jirani, au dada yangu akipenya mbele ya akina mama kwenye foleni ya mfereji wa mtaa, Baba hakupandisha sauti. Alituita, akatutazama, akasema, "Je?" Basi. Maneno yaliyosalia tulijimalizia wenyewe, na nakuhakikishia, msomaji, kwamba kiboko kingekuwa nafuu.

Sasa hebu tulitazame neno lenyewe, maana hapa ndipo ninapoona ukubwa wa mtu huyu. Zamani kule pwani, muungwana hakuwa tu mtu mwenye adabu. Muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Uungwana ulikuwa jambo la nasaba. Ungeweza kuwa mpole na mkarimu namna gani, kama ulizaliwa utumwani, neno hilo halikuwa lako.

Na Mbotela alizaliwa wapi? Frere Town, Mombasa, tarehe 29 Mei 1940. Ukivuka kutoka kisiwani kwenda upande wa Nyali utafika Kengeleni, penye ile kengele iliyoupa mtaa jina. Makazi hayo yalianzishwa na wamishonari katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, wengi wao wakiwa wametolewa katika majahazi baharini. Walikuwa watu wa makabila mbalimbali, wengine kutoka mbali kama Nyasa, waliokuwa wamepoteza nyumbani kwao wasijue tena njia ya kurudia. Ukoo wa Mbotela ulitokana na watu hao. Mtu wa ukoo huo, James Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1934 na kusomwa shuleni na vizazi kadhaa. Mtaa wa Mbotela hapa Nairobi nao una jina la mtu wa ukoo huo huo, Tom Mbotela, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU na ambaye aliuawa mwezi wa Novemba 1952, wakati wa hali ya hatari.

Kwa hivyo fikiria, msomaji. Kitukuu cha watu walionyimwa jina la uungwana anakaa mbele ya kipaza sauti, nchi nzima inanyamaza kumsikiliza, naye ndiye anayeuliza nani muungwana na nani siye. Wala haulizi baba yako ni nani. Anauliza umetenda nini. Sijui kama wengi wetu tuliliona hilo wakati ule, tulikuwa tunacheka.

Siku moja tu hatukucheka. Ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa jeshi la wanahewa waliojaribu kupindua serikali walimtoa Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka Sauti ya Kenya na kumlazimisha kutangaza kwamba serikali ya Rais Moi imeangushwa. Nakumbuka Baba akiinama karibu na redio, mkono shavuni. "Sauti ni yake," akasema, "lakini si yeye anayesema." Kisha akafunga mlango kwa komeo na kutukataza kuchungulia dirishani. Siku iyo hiyo wanajeshi watiifu kwa serikali waliiteka stesheni, na sauti ile ile ikatuambia kwamba Moi angali mamlakani. Sisi tulipumua. Mimi huwaza zaidi juu ya mkewe na watoto wake, ambao saa zote hizo walikuwa wakimsikia baba yao redioni kama sisi, wasijue kama atarudi.

Baadaye alihudumu katika kitengo cha habari cha Rais, na wapo wasiomsamehe hilo. Binamu yangu, aliyekuwa chuo kikuu miaka ya tisini, alipenda kusema kwamba kipindi kile kilitushughulisha na namna ya kushika kijiko huku wakubwa wakiifyonza nchi. Ni hoja nzito na sitaidharau. Hata hivyo, swali likishamzoea mtu halimngoji mezani peke yake.

Baba alikuwa karani wa stoo katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Mwaka mmoja aliletewa karatasi atie sahihi kwamba magunia ya saruji yamepokelewa, na magunia yenyewe hakuyaona. Wenzake walikuwa wametia zao. Yeye alikataa. Hawakumfukuza, ila alihamishiwa bohari ya mbali, akawa anaondoka nyumbani kabla ya mapambazuko na kurudi tumelala, na ile nyongeza ya mshahara tuliyokuwa tukiingojea ikapotelea huko. Mwaka huo dada yangu alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo.

Usiku aliotueleza habari ya uhamisho, Mama alimwuliza kwa uchungu kwa nini hakutia tu sahihi kama wanaume wengine wenye watoto.

Baba alimtazama kitambo. "Je?" akasema.

Mama hakumjibu. Aliinuka akaenda kuwasha stovu, na baada ya muda tukasikia vikombe.