Yule Hakuwa Nyoka

Sisi wa Bunyakiri twakaa karibu na msitu, na msitu una nyoka. Kwa hiyo kila kitambaacho twakipiga kwanza, ndipo twakitazama.

Siku moja tulikuwa tukisafisha shamba la mihogo. Tulipoinua majani yaliyooza, akatoka mnyama mwembamba, mwenye kung'aa, akijipindapinda. Tukapiga kelele: "Nyoka!" Jembe likashuka. Mkia ukakatika, ukabaki ukirukaruka peke yake. Mtoto mmoja akainama, akauliza: "Mbona ana miguu?" Tukanyamaza. Kweli, alikuwa nayo minne, midogo sana. Tulikuwa tumemwua mjusi asiye na sumu, alaye wadudu.

Tangu siku ile twajifunza kuwatambua. Mijusi wa ukoo huu wana magamba laini yang'aayo, yaliyopangwa kama vigae vya paa. Mjusi kafiri wa ukutani hang'ai, tena hana kope. Nyoka naye hapepesi macho kamwe. Lakini mjusi wetu hupepesa.

Wawili waonekana upesi. Mmoja huota jua karibu na nyumba. Ana mistari miwili myeupe mgongoni, naye huzaa watoto hai. Wa pili ana madoa meupe midomoni, hupanda miti, na hutaga mayai.

Wagumu ni wale wadogo wa chini ya majani makavu, kama yule tuliyemwua. Hao yafaa kuwahesabu vidole. Yuko mwenye vitatu kila mguu, ambaye Mjerumani Tornier alimwita blochmanni mwaka 1903. Yuko na mwenye vitano, aliyeitwa graueri mwaka 1912, kwa jina la Rudolf Grauer, Mwaustria aliyekusanya wanyama pande hizi. Twawahesabu wale tuwakutao wamekufa. Walio hai hawangoji.

Basi, tufanyeje shambani? Hatusemi mtu amshike kila atambaaye ili amhesabu vidole! Nyoka wa kweli wapo, na kosa moja laweza kumgharimu mtu uhai wake. Sisi twarudi nyuma hatua chache, twawaondoa watoto, twatafuta miguu kwa macho. Tukiiona, twaendelea na kazi. Tusipoiona, twamwacha apite, wala hatumgusi.

Yule wa mihogoni hatukumhesabu vidole. Jembe lilikuwa limekwisha kumponda, na hata leo hatujui alikuwa yupi.