Majengo, Moshi: Mfuko wa wanga na mvua ya masika

Ukifika Majengo asubuhi, kabla mawingu hayajatanda, Kilimanjaro unauona kama uko nyuma ya nyumba ya jirani. Moshi ni mji unaosifika kwa usafi, na wenyeji hawapendi kuaibishwa na takataka. Lakini masika yakianza, mitaro husema ukweli wote: maji hushuka na vifungashio vya nyanya, vya karanga na vya maandazi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea, ile ya rambo, ilipigwa marufuku Tanzania Bara Juni 1, 2019. Anayekutwa nayo anaweza kutozwa faini kuanzia shilingi 30,000. Kikapu kikarudi mikononi mwa akina mama. Vile vifungashio vyepesi ndivyo vilivyobaki, na nyumba nyingine huviwashia moto uani, watoto wakivuta moshi wake.

Je, mfuko hauwezi kutengenezwa kwa vitu vilivyoko hapo hapo sokoni? Muhogo, mahindi na ndizi mbichi zinazoshuka kutoka vihambani vyote vina wanga mwingi. Wanga ukipashwa moto pamoja na maji na gliserini, hulainika na kuwa utando unaofanana na plastiki.

Tatizo lake kila mpishi analijua. Ugali wa jana hukakamaa. Utando wa wanga nao hukauka na kupasuka kadiri unavyokaa. Tena hunywa maji. Mfuko wa wanga mtupu ukinyeshewa na masika ya Moshi, nyanya zitabaki barabarani.

Ndiyo maana wataalamu huuchanganya na plastiki nyingine zinazooza. PLA, inayotokana na sukari ya mahindi au miwa, huongeza ugumu. PBAT, ambayo kwa kawaida hutokana na mafuta ya petroli lakini huliwa na vijidudu, huongeza mnyumbuko. Kwa kuwa wanga hupenda maji na hizo hazipendi, huongezwa kiunganishi kinachozishikanisha, kama sabuni inavyokutanisha mafuta na maji. Kampuni ya Novamont ya Italia imekuwa ikitengeneza mchanganyiko wa aina hii kwa miaka mingi.

Wazazi wawe macho na neno "inaoza". Wanga ukichanganywa na plastiki ya kawaida, vijidudu hula wanga na kuacha vipande vidogo vya plastiki ardhini. Hata mchanganyiko mzuri mara nyingi huhitaji lundo la mboji lenye joto la nyuzi 60 hivi. Mtaroni unaweza kukaa muda mrefu.

Watoto wanaweza kujionea jikoni, mtu mzima akisimamia jiko. Changanya kijiko kimoja cha wanga wa mahindi, vijiko vinne vya maji, kimoja cha siki na kimoja cha gliserini. Koroga kwenye moto mdogo mpaka uwe mzito na kung'aa, tandaza juu ya sahani, acha siku mbili. Tengeneza mwingine bila gliserini, kisha wavikunje vyote viwili na kuvitia majini.

Watakachokiona ndicho kinachowaumiza vichwa wataalamu. Mpaka jibu lifike sokoni kwa bei ya mama wa nyanya, kikapu cha ukili hakiogopi mvua, wala hakitozwi faini.