Tandu wa Miguu Mia

Ukutani mwa darasa la tatu, katika shule moja ya msingi hapa Tanga, kuna tandu niliyemchora mimi mwenye miguu mia kamili. Tandu wa namna hiyo hayupo popote duniani, na watoto wamemsoma kwa miaka.

Walimu waliniamini kwa sababu kuchora ndiyo kazi yangu. Nilipopewa orodha ya wanyama wadogo, sikwenda kumtafuta tandu nimtazame. Nilichora mwili wa mviringo, nikaugawa pingili 25, kila pingili nikaipa miguu minne, nikahesabu mia, nikaridhika. Mbele nikamwekea meno. Nilichokichora ni jongoo anayeuma.

Jongoo ndiye mwenye jozi mbili za miguu katika pingili nyingi za mwili wake. Tandu ana jozi moja tu kwa kila pingili, na akishakomaa, jozi hizo huwa witiri: kuanzia 15 hadi 191 kulingana na aina. Miguu mia ni jozi 50, na hamsini ni shufwa. Nilimpa hesabu ambayo maumbile hayampi.

Masika iliyopita mvulana mmoja wa darasa hilo aliinua tofali bustanini, akakuta mdudu bapa mwenye miguu michache kuliko yule wa ukutani. Akawaambia wenzake huyu si tandu, akamshika. Mkono ulivimba hadi kiwiko, akalia usiku kucha. Mtoto alifikiri sawasawa kabisa. Kilichomponza ni picha yangu. Na wenzake, kwa picha hiyohiyo, walikuwa wakiwaponda jongoo kwa mawe, viumbe wanaojilia majani yaliyooza bila kumuuma mtu.

Nilikwenda nyumbani kwa mvulana yule kuomba radhi. Mama yake alinikaribisha kiti, akasema, "Fundi, mtoto ameshapona, tunashukuru. Lakini ile picha bado ipo?"

Ilikuwepo.

Mwalimu alikuwa amemhifadhi tandu yule kwenye chupa ya spiriti. Nilimlaza juu ya karatasi nyeupe, nikawa napita na njiti ya kiberiti, jozi baada ya jozi. Mwili ni bapa, wa kahawia iliyokoza, na miguu ya manjano imetokeza ubavuni. Jozi 21, miguu 42. Jozi ya mwisho ni nene kuliko nyingine, imenyooka kwenda nyuma, wala haitembelei. Na yale niliyoyachora kama meno si meno: ni miguu ya mbele kabisa iliyogeuka kuwa makucha ya sumu, imejikunja chini ya kichwa, nayo haimo katika zile 21. Nilirudia kuhesabu, si kwa shaka, bali kwa uchungu wa kuona jinsi kazi hii ilivyokuwa nyepesi tangu mwanzo.

Mwalimu mkuu ameniruhusu niifute picha ile, nichore tandu na jongoo ubavu kwa ubavu, kwa gharama yangu. Waliokwisha kuhitimu siwezi kuwafikia wote, ndiyo maana naandika. Mkimkuta chini ya tofali au gogo mdudu bapa, mwenda mbio, mwenye mguu mmoja tu kila upande wa pingili, huyo ndiye tandu. Msimshike.