Mgeni Uwanjani

Katika kijiji cha Kaole, kusini ya mji wa Bagamoyo, palikuwa na fundi mmoja wa kuunda mashua. Alikuwa mtu wa makamo, hodari wa kazi yake, na wavuvi walimheshimu kwa sababu mashua zake hazikuvuja. Lakini katika maisha yake mwenyewe palikuwa na tundu moja ambalo hakujua kulikalafati.

Alikuwa amegombana na mdogo wake, mvuvi wa Mlingotini, kwa ajili ya shamba la minazi waliloachiwa na baba yao. Shauri lilipelekwa mbele ya wazee, na wazee wakaamua ya kuwa minazi ya upande wa bahari ni mali ya fundi. Kama angaliishia hapo, labda maneno yangalikwisha. Lakini siku ile alipotoka barazani alicheka mbele ya watu wote, akasema, "Leo nimemwangusha!" Mdogo wake akasikia. Tangu siku hiyo ilipita miaka mitatu, nao hawakusemezana. Wakionana njiani, kila mmoja hugeuza uso. Hata mvuvi alipopata mtoto wa kiume, fundi alipata habari sokoni, kama mtu baki.

Basi mwezi wa Julai mwaka 2018, binti ya fundi aliyeolewa Makunduchi, upande wa kusini wa kisiwa cha Unguja, alimpelekea salamu kumwambia, "Baba, njoo uone Mwaka wetu." Fundi akafunga kazi. Akasafiri kwa gari mpaka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 70 hivi, akavuka bahari kwa boti mpaka mjini Unguja, kisha akapanda gari jingine mpaka Makunduchi. Akafika jioni.

Mwaka huo si ule uanzao mwezi wa Januari, wala si ule wa Kiislamu ufuatao mwandamo wa mwezi. Ni mwaka wa jua, ambao watu wa pwani waliupata zamani kutoka kwa Waajemi, na siku yake ya kwanza huitwa Nairuzi. Una siku 365, wala hauongezwi siku moja kila mwaka wa nne kama kalenda ya sasa. Kwa hiyo kila ipitapo miaka minne, Nairuzi hurudi nyuma siku moja. Siku hizi huangukia mwezi wa Julai. Wakulima na mabaharia walizihesabu siku zake kumi kumi, na kila kumi waliliita mwongo, wapate kujua majira ya kupanda na majira ya pepo. Zamani sikukuu hii ilifanywa katika sehemu nyingi za pwani. Watu walikwenda baharini kuoga, wauondoe uchafu wa mwaka uliokwisha. Na hiyo ndiyo maana ya jina lake, Mwaka Kogwa. Leo Makunduchi ndiko inakojulikana zaidi, na wageni huja kuitazama kutoka nchi nyingi.

Mzee mwenye nyumba, baba wa mkwewe, alimpokea fundi kwa furaha nyingi. Akamwambia, "Karibu, ndugu yangu. Hapa kwetu nyumba isiyopata mgeni siku ya Mwaka haioni raha. Mithali yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi umetuponya."

Kesho yake wakaenda uwanjani. Watu walikuwa wengi mno. Wanawake walivaa nguo zao zilizo nzuri, na wageni wa Ulaya walisimama na kamera zao. Mara wakatokea wanaume wa pande mbili, hawa wa kaskazini na hawa wa kusini, wameshika mapande ya migomba. Wakakimbiliana wakaanza kupigana. Mapande yalipasuka migongoni, maji yake yakaruka, vumbi likatimka. Wengine walikuwa vijana, na wengine watu wazima wenye mvi.

Fundi akachukizwa. Akasema moyoni, "Watu wazima hawa, wenye wake na watoto, wapigana kama wendawazimu, na watu wawacheka!" Akaona aibu kwa ajili yao, akajitenga, akaketi chini ya mti. Hapo palikuwa na mgeni mwingine, mwanamke kijana wa Kijapani, naye akamwamkia kwa Kiswahili kizuri, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umejifunza wapi lugha yetu?"

"Tanga, mzee. Nilifundisha hesabu huko miaka miwili. Naona mchezo huu haukukupendeza."

Fundi akajibu, "Huu si mchezo. Watu hawa wanapigana tu."

Yule mwanamke akacheka kidogo, akasema, "Maneno yako yamenikumbusha mwalimu mwenzangu wa Tanga. Alikuja kwetu Japani kwa masomo, nami mwezi wa Septemba mwaka 2014 nikamchukua kutazama mieleka yetu, iitwayo sumo. Wewe waona hawa wanapigana kupita kiasi. Yeye aliona wale hawapigani kabisa."

Fundi akataka kujua habari hiyo, naye akamweleza hivi:

"Katika mji wa Tokyo, mtaa wa Ryogoku, liko jumba kubwa liitwalo Kokugikan, lenye nafasi ya watu 11,000 hivi. Mashindano makubwa ya sumo hufanywa mara sita kila mwaka. Mara tatu katika Tokyo, na mara moja moja katika Osaka, Nagoya na Fukuoka. Kila mashindano huchukua siku 15, na kila bingwa wa daraja za juu hushindana mara moja kwa siku. Uwanja wao ni jukwaa la udongo ulioshindiliwa, na juu yake pana duara lenye upana wa mita nne na nusu hivi, lililozungushwa magunia membamba ya majani ya mpunga. Sheria yake ni nyepesi. Atakayetoka nje ya duara ameshindwa. Atakayegusa chini kwa kiungo chochote isipokuwa nyayo zake, naye ameshindwa. Wala hawagawanywi kwa uzito. Mwembamba aweza kukutanishwa na mwenziwe aliye mzito mara mbili.

"Basi tuliketi, mwalimu na mimi. Mabingwa wawili wakapanda jukwaani. Wakatupa chumvi. Wakapiga miguu chini. Wakachutama, wakatazamana machoni, kisha wakasimama wakarudi pembeni, wakachukua chumvi nyingine. Wakafanya hivyo tena na tena. Mwalimu akachoka, akaniuliza, 'Mbona hawaanzi? Wanaogopana?' Nikamwambia, 'Wamekwisha anza.' Maana mabingwa wa daraja la kwanza wamepewa dakika nne za kujiweka tayari, na katika dakika hizo kila mmoja huupima moyo wa mwenziwe. Mwalimu akavua miwani yake ili aifute. Mara watu wakapiga kelele. Alipoivaa tena, mambo yalikuwa yamekwisha; mmoja alikuwa chini kando ya jukwaa. Mwalimu alingoja dakika nne, na mashindano yenyewe yalichukua muda wa pumzi chache, naye hakuyaona!"

Fundi akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akauliza, "Na ile chumvi ni ya nini?"

"Ni ya kuutakasa uwanja. Kupiga miguu chini ni kufukuza mabaya. Mwalimu aliona chumvi, lakini hakuona maana yake mpaka alipouliza. Tangu hapo alitazama kwa macho mengine. Akapendezwa zaidi alipomwona Mwafrika katika mabingwa wale, Mmisri aliyepewa jina la Osunaarashi, aliyeanza sumo mwaka 2012. Yeye ni Mwislamu. Mwezi wa Julai mwaka 2013 alishindana Nagoya katika Ramadhani, huku amefunga. Mwaka uliofuata, mwezi uo huo wa Julai, aliwaangusha mabingwa wawili wenye cheo kilicho juu kuliko vyote, kiitwacho yokozuna."

"Alifurahi sana, bila shaka," akasema fundi.

"Moyoni, naam. Lakini hilo ndilo jambo lililomshangaza mwalimu kuliko yote. Alimwona mshindi anasimama kimya, hatabasamu wala hainui mkono. Akaniuliza, 'Je, huyu hajui kama ameshinda?' Nikamwambia, anajua. Lakini kwa desturi ya sumo, mshindi haonyeshi furaha yake mbele ya yule aliyeanguka. Wote wawili huinamiana, na mara nyingi mshindi humnyoshea mkono mwenziwe aliyeanguka chini, apate kupanda tena. Mwaka 2009 bingwa Asashoryu, mtu wa Mongolia mwenye cheo cha yokozuna, aliinua mikono yake juu uwanjani kwa furaha ya kushinda. Alilaumiwa sana, ingawa ushindi wake ulikuwa wa haki. Kushinda umepewa na sheria. Lakini kumcheka mwenzio, sheria haikukupa."

Fundi hakujibu neno. Aliyatazama mapande ya migomba yaliyotapakaa uwanjani, na masikioni mwake alisikia sauti yake mwenyewe, "Leo nimemwangusha!"

Wakati huo mapigano yalikuwa yamekoma. Wanawake walipita wakiimba. Kisha watu wakakizunguka kibanda cha makuti kilichojengwa kwa ajili ya siku ile. Mtu mmoja akaingia ndani, na kibanda kikatiwa moto. Moto ukawaka kwa nguvu. Fundi akasimama kwa hofu. Mara yule mtu akatoka mbio, mzima, na watu wakapiga vigelegele. Mzee mwenye nyumba akamwambia, "Twafanya hivi ili katika mwaka mpya mtu asipotee kwa moto wa nyumba."

"Na kule kupigana?" akauliza fundi. Safari hii hakuuliza kwa dharau.

"Ndugu yangu, mwaka mzima watu huishi pamoja, na mahali palipo na watu hapakosi maneno. Huyu amekata mti wa yule. Yule amemtukana huyu. Leo kila aliye na kinyongo hukitoa uwanjani, mchana, mbele ya macho ya watu, kwa mgomba usiovunja mfupa. Jua likitua, neno la mwaka jana limekwisha. Atakayelifufua kesho, yeye ndiye mwenye kosa."

"Na leo ni nani aliyeshinda?"

Mzee akamtazama kwa mshangao, akasema, "Hatuhesabu."

Usiku ule walikula pamoja. Fundi aliwaona watu wawili aliowatambua, mmoja mkono wake umevimba kidogo, na mwingine ndiye aliyempiga. Walikuwa wakila katika sinia moja, na yule aliyepiga alikuwa akimmegea mwenziwe samaki, kwa kuwa mkono wake ulimwuma. Fundi akatazama jambo hilo muda mrefu kuliko alivyotazama mapigano.

Aliporudi bara hakwenda kwanza nyumbani kwake. Alikwenda Mlingotini, amechukua halua ya Unguja. Akamkuta mdogo wake ameketi uani akitengeneza nyavu zake, na mtoto mdogo akicheza karibu naye. Akasema, "Hodi." Mvuvi akanyamaza kitambo, kisha akajibu, "Karibu," lakini hakuinua macho.

Fundi akasema, "Mdogo wangu, minazi niliamuliwa na wazee. Lakini kile kicheko hakuna mzee aliyeniamulia. Nilikitwaa mwenyewe. Nimekuja kukirudisha."

Mvuvi akaendelea kufunga mafundo ya wavu. Mwisho akasema, "Kaka, ulicheka mbele ya watu wote. Leo waja kusema haya uani kwangu, tukiwa wawili na mtoto asiyejua kusema."

Maneno hayo yalikuwa mazito, naye fundi hakuwa na la kujibu, maana yalikuwa kweli. Akaiweka halua chini, akaaga, akaenda zake. Njiani alishindana na nafsi yake, na mashindano hayo yalikuwa marefu kuliko dakika nne.

Ijumaa iliyofuata, watu walipotoka msikitini wakaketi barazani, palepale alipocheka miaka mitatu nyuma, fundi alisimama. Mdogo wake alikuwapo. Akasema kwa sauti ambayo wote walisikia, "Hapa nilimcheka mdogo wangu. Nilifanya vibaya. Namwomba anisamehe mbele yenu, kama nilivyomwaibisha mbele yenu." Kisha akamnyoshea mkono. Watu wakanyamaza. Mvuvi akautazama ule mkono, mkono wa fundi wenye makovu ya tezo, kisha akaushika.

Minazi ilibaki kuwa ya fundi kama wazee walivyoamua. Lakini ilipofika siku ya kuangua nazi, mvuvi alikuja na mtoto wake, wala hakuitwa. Fundi alimpakata mtoto kivulini, akamwonyesha jinsi ya kunywa dafu.

Basi, msomaji, ukiwa mgeni katika uwanja wa watu usiokuwa wako, usifanye haraka kucheka wala kuhukumu. Kaa, tazama, uliza maana ya chumvi na maana ya mgomba. Huenda mchezo ule unaoudhania upuuzi unayo dawa ya donda lako. Mithali yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini safari hii aliyepona ni mgeni.