Kwa Rukia, kabla hujaizoea Bristol

Mwanangu Rukia,

Umeniuliza Jumamosi uanzie wapi kuutazama mji. Wenzako watakupeleka kwenye daraja la Clifton. Ni zuri, lakini limesimama pale tangu 1864; litakungoja.

Anzia Great George Street, kwenye nyumba ya John Pinney, ambayo sasa ni makumbusho na haina kiingilio. Uliza kwanza siku za kufunguliwa. Pinney alikuwa na mashamba ya miwa kisiwani Nevis, na fahari yote utakayoiona mle ilitokana na jasho la watumwa. Usiishie vyumba vya juu. Shuka mpaka jikoni, umkumbuke Pero. Pinney alimnunua mwaka 1765 akiwa mtoto wa miaka 12, pamoja na dada zake wawili, kisha akaja naye Bristol kuwa mtumishi wake. Ukitoka hapo, teremka bandarini uvuke daraja la miguu lenye pembe mbili kubwa. Lilijengwa 1999 na limepewa jina lake, Pero's Bridge. Wengi wamefunga kufuli za mapenzi pale wakaenda zao. Wewe simama, ulitamke jina hilo.

Ng'ambo ya maji iko M Shed, nayo ni bure. Humo imelazwa sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara ya watumwa. Ilisimamishwa 1895, na tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji waliiangusha wakaitupa majini. Rangi walizoipaka hazikufutwa, na mimi nauheshimu sana uamuzi huo.

Neno moja zaidi, mwanangu. Wengi waliobebwa utumwani na meli za Bristol walitoka Afrika Magharibi, si pwani yetu ya Bagamoyo. Watu wakikuuliza juu ya utumwa, usizichanganye historia hizi mbili, yao na yetu, kwa sababu tu rangi yetu ni moja. Eleza ya Bagamoyo kama ulivyofundishwa, na ya kwao uisikilize kwa adabu.

Meli ya chuma ya mhandisi Brunel, SS Great Britain, uiendee siku nyingine, maana tiketi yake ni ghali kwa mfuko wa mwanafunzi. Iliundwa hapo hapo Bristol na kuzinduliwa 1843, na 1970 ikavutwa kutoka Falkland kurudi kwenye gati lake la kwanza.

Vaa koti zito. Bandarini kuna upepo. Kisha uniandikie.

Ni mimi shangazi yako,
Mwanahamisi